Kuondoa programu ya mkopo kwenye simu: usianze kwa kuifuta

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, aliniita usiku. Alikopa kwa simu kuongeza mtaji wa chapati, akachelewa siku tatu kulipa, basi ujumbe wa kumwita tapeli ukawafikia wakwe zake na wateja wake. Namba hizo zilichukuliwa kwenye simu yake mwenyewe. Tulifanya hivi.

1. Ushahidi. Piga picha za skrini: deni, vitisho, namba zilizotuma. Zihamishie simu nyingine.

2. Funga ruhusa. Mipangilio, Programu, Ruhusa. Anwani (yaani majina na namba ulizohifadhi), SMS, Mahali, Picha: zote Usiruhusu.

3. Futa akaunti kabla ya programu. Hapa nisomeni taratibu. Mwaka juzi, kwa simu yangu, niliifuta programu kwa hasira nikadhani yamekwisha. Kumbe majina yangu yote yalishapakiwa kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya kuhifadhia taarifa, siku niliyobonyeza Ruhusu, na kufuta programu hakugusi nakala ile. Ikabidi niipakue upya ili nifute akaunti, nayo ikagoma kufunguka mpaka niipe anwani tena. Nilihangaika tangu magharibi hadi karibu usiku wa manane. Kilichonitoa ni simu kuukuu isiyo na jina hata moja: nikaweka laini humo ili namba ya uthibitisho iingie, nikaruhusu, ikakuta patupu. Angalia lakini, majina mengine hukaa kwenye laini yenyewe, yahamishe kwanza.

Kitufe cha kufuta akaunti kikikosekana, waandikie barua pepe. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, dai wafute majina ya watu wako, na utunze nakala. Wakinyamaza, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na zile picha za hatua ya kwanza. Deni lenyewe halifutiki kwa njia hii, shangazi analipa lake. Kumbukumbu za mkopo wanaweza kuzishikilia, lakini namba ya mkwe wake haihusiki na mkopo huo.

4. Sasa iondoe programu.

5. Piga \*106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika waifunge.

6. Ukikopa tena. Usipakue kwa kiungo cha WhatsApp, ndiko ya shangazi ilikotoka. Tangu 31 Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo Play Store kusoma anwani na picha, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zisizo na leseni. Tafuta jina kwenye orodha hiyo kwanza, ukilikuta achana nayo. Kwa mtaji wa unga na mafuta, mimi namwelekeza mtu VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, siyo simu.

7. Waambie watu wako mapema. Shangazi alirekodi sauti ya dakika moja, akaeleza deni ni kiasi gani na atalimaliza lini, akawatumia wote. Mkwe wake alikuwa wa kwanza kumpigia kumpa pole.