Jinsi ya kupata kura za kijiji kulinda msitu wa asili (somo, na maswali yenu chini)

Salamu wapendwa. Wengi mmeniuliza tulifanyaje mpaka kijiji chetu huku Chamwino, Dodoma, kikatenga msitu wa kijiji, naona bora niandike yote hapa mara moja kuliko kumjibu kila mtu inboksi. Mi nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili na nilichokiona ni hiki, makaratasi yanatengenezeka, kazi kubwa ni watu. Msitu ambao wenyewe hawajaukubali mtaulinda mchana, usiku unaliwa.

HATUA YA 1: Anza na wanaokata

Hapa ntakaa sana maana ndipo tulipoanguka. Mara ya kwanza tulianza na viongozi, mkutano ukaitwa mwezi wa kwanza watu wako shambani wanapalilia, wakaja kama arobaini hivi, tukapitisha tukapiga makofi tukaenda nyumbani. Miezi miwili baadae tanuri za mkaa zinafuka kama kawaida na kila unaemgusa anakwambia mimi sikuwepo. Na ni kweli hakuwepo.

Mara ya pili tukaenda kitongoji kwa kitongoji, jioni, tukakaa na wachoma mkaa wenyewe. Jamani mkaa huku kwetu mtu haingii kwa kupenda, mvua ikikata mwezi wa pili mtama na uwele vikanyauka basi gunia la mkaa ndo linaleta unga nyumbani, na wanunuzi hawakosekani, Dodoma mjini sensa ya 2012 ilikuta watu kama 410,000 na ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Sasa mtu huyo ukimwendea na hotuba ya mazingira anakusikiliza kwa heshima alafu kesho anabeba shoka. Sisi tuliuliza tu. Mninga ulikuwa unaupata wapi ulivyoanza kazi hii, na sasa unaenda mpaka wapi? Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema pale korongoni, yule anasema hata mti wa mtundu wa maana siku hizi ni safari ya kulala huko huko. Kamati tulinyamaza tukaandika. Wawili kati ya wale baadae ndo wakawa walinzi wetu, maana njia za porini wanazijua kuliko mgambo yeyote.

Akina mama tuliwaita peke yao. Kwenye mkutano wa wote wanakaa nyuma kimya, ila wao ndo wanatembea kutafuta kuni na ndo wanajua kisima kipi kimekauka. Wazee wa mizinga ya nyuki nao msiwasahau, miombo (miti ya misitu yetu ya asili) ikiisha na asali imeisha.

HATUA YA 2: Tembeeni mpaka wa msitu kwa miguu

Wazee, wafugaji, vijana, na majirani wa kijiji cha pili wawepo, la sivyo mtakuja kugombana na ramani mkononi. Afisa misitu wa wilaya anakuja na jipiesi (kifaa cha kupima mahali) anachukua alama za mpaka. Sisi ilichukua siku tatu, bebeni maji.

HATUA YA 3: Mpango na sheria ndogo

Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu kwenye ardhi yake na kuusimamia chenyewe. Mnahitaji kamati, tathmini ya msitu una nini ndani, mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Msifunge msitu wote. Gaweni, sehemu ya kutoguswa kabisa (vyanzo vya maji, milimani) na sehemu ya matumizi, kuni kavu, mizinga, dawa, fito kwa kibali. Mkifunga kila kitu hamtapata kura, na mimi binafsi nisingepiga.

HATUA YA 4: Mkutano mkuu wa kijiji

Iteni baada ya mavuno, mwezi wa saba ni mzuri. Kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuwepo. Someni sheria ndogo kwa sauti kipengele kimoja kimoja, faini zijadiliwe, watu wakitaka kubadilisha badilisheni hapo hapo, kisha kura. Muhtasari uandikwe vizuri na orodha ya mahudhurio isainiwe na kila mtu. Alafu ndo sheria ndogo zinapelekwa halmashauri ya wilaya zikaidhinishwe, hapo ni kufuatilia na kufuatilia tena.

Kwa wanaosema haiwezekani tuliwapa mfano wa msitu wa Duru-Haitemba kule Babati, miaka ya 90 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, vijiji nane vikasema hapana tutaulinda sisi, na vikapewa. Mgori ya Singida ikafuata, vijiji vitano. Ni watu wa mikoa jirani, na miombo hii hii.

MASWALI YENU

Mdau wa Mpwapwa: Kaka, kukusanya sahihi za watu haitoshi?
Jibu: Zinasaidia kumsukuma mwenyekiti aitishe mkutano, tumieni. Ila kinachohesabika ni uamuzi wa mkutano mkuu wenye muhtasari.

Mdau wa Bahi: Mimi nachoma mkaa na nina watoto wanne, mkinifungia nile nini? Usinijibu kisiasa.
Jibu: Ndugu yangu swali lako ndo lenyewe, lilipaswa kuwa la kwanza. Kaa kwenye kamati, usikae nje, ili sehemu ya matumizi ipangwe ukiwepo. Na shambani kwako jaribu kisiki hai, miti yetu mingi ukiikata inachipua kutoka kwenye kisiki, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unafunga kitambaa kama alama, unalinda na mifugo. Hununui miche wala humwagilii. Siwezi kukudanganya kwamba mwaka wa kwanza utajaza pengo lote la mkaa, ila fito na kuni utapata za kwako.

Dada wa Kondoa: Wafugaji watakubali kweli? Wazee wetu bado wanasimulia HADO (ule mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Dodoma) ilivyotoa ng'ombe wote mwaka 1979.
Jibu: Ndo maana msiwaambie mambo ya kuhamisha. Kwetu waliomba njia ya kupita kwenda majini na malisho ya kiangazi upande mmoja, ikaandikwa kwenye sheria ndogo, wakanyoosha mikono.

Mdau wa Kongwa: Huku msitu ni wa TFS (wakala wa misitu wa serikali), hatua ni hizi hizi?
Jibu: Hapana, huo ni wa serikali, mnaingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja na wao. Hatua ya 1 lakini haibadiliki.

Mdau wa Mpwapwa tena: Mwenyekiti wetu hataki kuitisha mkutano, miezi mitatu sasa.
Jibu: Mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu kisheria. Mwandikieni barua, nakala kwa mtendaji wa kata, baki na kopi iliyogongwa muhuri. Kisha niambie kilichojibiwa.