Jinsi ya kurekodi kumbukumbu za njaa kwa wazee wetu

Kama una babu au bibi Magu, Misungwi au Ukerewe anayeikumbuka njaa ya 1974, mrekodi sasa maana wazee wanatutoka. Ireland walifanya hivi, njaa yao ilianza 1845 viazi vilipooza shambani kwa ugonjwa, watu kama milioni moja wakafa, alafu miaka ya 1937 na 1938 watoto wa shule za msingi wakatumwa kuandika simulizi za wazee wa kwao kwenye madaftari na mengi yapo mpaka leo.

Shikamoo kwanza, kaa, piga stori, usitoe simu haraka. Ukiuliza "njaa ilikuwaje" utajibiwa "ilikuwa mbaya" imeisha hiyo. Uliza vitu vya kushika: michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) ilipoisha mlikula nini, mizizi gani mlichimba porini, mliichemsha vipi mpaka uchungu utoke, nani aliwapa na nani aliwanyima. Hapo ndo mzee anafunguka. Muombe akupeleke penyewe kama miguu inaruhusu, Ireland wazee walikuwa wanaonyesha hadi walipozikwa watu na sufuria kubwa la kugawia supu.

Kama anaongea Kisukuma au Kikerewe mwache, usimlazimishe Kiswahili, utatafsiri baadaye. Akitaja aliyeiba chakula cha jirani, jina hilo usilirushe kwenye magrupu, wajukuu zake bado mnaishi nao. Akilia zima simu, mpe maji, rudi siku nyingine.

Faili liandike kijiji na tarehe, nakala mtumie ndugu mwingine siku hiyohiyo.