Somo: Ndege wa kaskazi, ufukweni Tudor, Mombasa, na uani kwako

Baridi ya kweli huku hatuijui, lakini ya Ulaya na Urusi hutuletea wageni. Tangu Septemba mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za stima na sululu wametua matopeni Tudor; wengi hawaondoki mpaka Aprili, masika yakikaribia. Ukitaka kuanza kuangalia ndege, anza kaskazi ikivuma. Wakati wa kusi wengi hawapo.

Kwanza, yajue maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanafika saa nne wakiwa na kofia na chupa ya maji, wanakuta tope tupu na ndege ni vidoadoa kule mbali. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, hapa Mombasa maji hujaa alfajiri, kama saa kumi, na hupwa kabisa saa nne hadi saa tano. Kwa hiyo nenda saa kumi na mbili na nusu. Maji yanateremka, tope la juu kando ya mikoko ndilo linalofunguka mwanzo, na ndege wote wamebanana hapo, karibu nawe. Saa tatu rudi zako ukanywe chai. Siku za maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, saa hugeuka, basi mwulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kutazama simu.

Pili, darubini. Tafuta iliyoandikwa 8x42: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Za 10 huvutia dukani, ila mkono ukitetemeka kidogo tu picha yote inacheza. Kama huna, anzia uani.

Tatu, simama. Jua liwe mgongoni, kaa mahali pamoja nusu saa. Ukitembeatembea unawafukuza.

Nne, mdomo kwanza, kisha mwendo, rangi mwisho. Msimu huu ndege wengi wa pwani wamevaa kijivu, na rangi itakupoteza. (Mwezi wa tatu na wa nne baadhi yao huanza kuwa wekundu kabla ya safari, wakati huo ni raha tupu.) Mtazame sululu: mdomo mrefu umepinda chini kama mundu, kichwa kina mistari. Anatembea taratibu, anasimama, kisha anauzamisha mdomo kwenye tundu la kaa. Akimtoa humtikisa mpaka miguu ing'oke, ndipo ameze. Niliwahi kumwona mmoja akipoteza kaa wake hivyo: miguu ilibaki mdomoni, kaa mwenyewe akaruka majini.

Tano, uani. Karai la maji ya kina cha vidole viwili, jiwe katikati la kutulia. Badilisha maji kila siku, usije ukafuga mbu. Mgomba ukitoa ua, chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, atakuja mwenyewe.

MASWALI

Bi Mkubwa, Bombolulu: Mwalimu, kunguru wamenichosha. Nikiweka maji, wao ndio wa kwanza.

Pole, mama. Wale wenye shingo ya kijivu asili yao India, nao hula mayai na makinda ya ndege wetu. Usiwaachie mabaki ya chakula, na pipa la taka lifunike. Karai liwe dogo, liweke chini ya matawi yaliyosongamana. Kunguru hapendi kubanwa, ndege wadogo kama shore na chozi hawajali.

Kijana wa Majengo: Askari hawasumbui ukiwa na darubini?

Wanasumbua, bwana. Mwaka mmoja nilikuwa naangalia buabua, ndege wa baharini, nyuma yao kumbe kuna meli. Askari akanikalisha kwenye jiwe saa nzima akinihoji meli ile inanihusu nini. Kitabu cha ndege nilikuwa nimekisahau nyumbani. Tangu siku hiyo hakitoki mkobani, na kuelekea bandarini au Mtongwe, kwenye kambi ya wanamaji, sielekezi kioo hata kama atapita tai.

Msafiri, Toronto: Mimi niko kwenye theluji, mwalimu. Huku ndege si wamehama wote?

Hata kidogo. Ndege aitwaye kadinali hahami; dume lake ni jekundu chwee, na juu ya theluji humkosi. Weka mbegu za alizeti kwenye kilishio, kiwe karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, wasije wakagonga kioo kwa kasi. Kisafishe mara kwa mara, maana uchafu huwaambukiza maradhi. Februari jiunge na hesabu ya siku nne iitwayo Great Backyard Bird Count. Ilianza 1998, na tangu 2013 ni ya dunia nzima, kwa hiyo wewe utahesabu huko na sisi huku. Sharti lake ni dakika 15 tu za kutazama.

Mama Zuhra, Mkomani: Kuna mdogo kando ya maji, mgongo kahawia, tumbo jeupe. Anatikisa nyuma bila kupumzika. Ni mgonjwa?

Mzima kabisa, dada. Ni kitwitwi aitwaye kitaalamu *Actitis hypoleucos*, na ndivyo alivyoumbwa. Angalia begani: weupe wa tumbo hupanda mbele ya bawa kama kona ya leso. Ukimshtua ataruka chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa, na baada ya dakika mbili utamkuta jiwe lile lile.