Kuitayarisha mashua ya tanga kabla ya kusi

Kabla kusi, upepo wa msimu utokao kusini, haijaanza kuvuma kwa nguvu, ipandishe mashua ufukweni wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana, lakini usiiache juani muda mrefu, kwa kuwa mbao zikikauka mno hupasuka. Pitisha ncha ya kisu katika kila mwanya kati ya mbao: pamba ya kuziba iliyooza ing'olewe yote, na pamba mpya iliyolowekwa mafuta ishindiliwe taratibu mpaka ishike. Kazi hii haitaki haraka hata kidogo.

Jarari, yaani kamba ya kupandishia tanga, ndiyo inayobeba uzito wa foromali (mti unaofungiwa tanga) pamoja na tanga, hivyo ikague hasa pale inaposuguana na gofia (kapi inamopita kamba), na uibadilishe mara tu nyuzi zinapoanza kukatika. Chukua pia nanga, ndoo ya kukumbia maji na jaketi la kujiokolea kwa kila abiria.