Jinsi ya kusoma pepa ya utafiti wa uchumi bila kuogopa yale majedwali

Juzi shemeji yangu kafowadi kwenye grup ya familia ati "M-Pesa imetoa watu 194,000 kwenye umasikini, utafiti umesema". Hata dakika tano hazijaisha watu washashikana, mmoja asema uongo mtupu mbona yeye ana laini ya M-Pesa tangu 2007 na bado anakopa unga, mwengine asema hao wamelipwa, na hakuna hata mmoja alofungua hio pepa yenyewe. Nikaifungua mimi. Ilitoka 2016 kwenye jarida la Science, wenyewe ni Tavneet Suri na William Jack, na haisemi watu, yasema familia 194,000, yani kama 2% ya nyumba za Kenya. Nyumba yetu pale Majengo, Mombasa, tuko tisa, sasa piga hesabu mwenyewe hao ni watu wangapi. Nikamwandikia, akanijibu "haya basi familia, ushafurahi?"

Mimi si profesa. Nilikuwa enumereta, tukizunguka Kisauni na Likoni na tableti mkononi tukiuliza watu maswali, ndio nikaanza kutaka kujua yale majibu yaenda wapi. Hizi pepa hazina uchawi, ila ukizisoma kama hadithi, toka juu mpaka chini, utalala ukurasa wa nne.

Kwanza itafute yenyewe, si habari yake. Chukua majina ya waandishi na neno moja la mada, tia Google Scholar (ile Google ya kutafuta pepa), halafu bonyeza pale penye matoleo yote, mara nyingi kuna PDF ya bure imejificha huko hata kama jarida lataka dola. Pepa za uchumi hutoka kwanza kama rasimu miaka kadhaa kabla jarida kuzipitisha. NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani iloanzishwa 1920, hutoa rasimu mpya kila wiki na watu wa nchi kama zetu huwa hawalipi kuzisoma. Lakini kumbuka ni rasimu, namba zaweza kubadilika, kwa hivyo angalia mwaka na uulize kama kuna toleo jipya.

Usiprinti kurasa sitini, wataka kumtajirisha mtu wa saiba bure? Mimi naprinti tatu tu: ya kwanza yenye muhtasari, ile yenye jedwali la kwanza (huwa laonyesha waliohojiwa ni kina nani, umri, kipato, wanaishi wapi), na ile yenye jedwali la matokeo makubwa. Sehemu ya fomyula za Kigiriki naruka, na siku zote nimeishi vizuri tu.

Sasa swali kubwa, na hili ukilishika hata mengine ukisahau si neno: wamelinganisha na nani? Mtu akikwambia waliopewa dawa wamepata nafuu, we uliza wale wasiopewa walikuwaje. Chukua ile pepa ya dawa za minyoo kwenye skuli za Busia, magharibi mwa Kenya, ya Edward Miguel na Michael Kremer, ilochapishwa 2004. Skuli zilikuwa 75, zikagawanywa mafungu matatu, fungu moja likaanza dawa 1998, la pili 1999, la tatu likangoja mpaka 2001, basi wale wanaongoja ndio kipimo. Utoro ulipungua kwa robo hivi. Alama za mtihani lakini hazikusogea, na hio ndio sehemu watu hupenda kuiacha wakifowadi. Mwaka 2015 watafiti wengine wakarudia hesabu kwa data ile ile, na wenyewe walioandika ndio walioitoa, wakakuta makosa kadhaa, pakazuka ubishi mkubwa ambao mpaka leo kuna watu hawajapatana, na mimi naona hio ni sifa, manake asiyetaka kukaguliwa huficha daftari. Ile ya M-Pesa nayo hawangeweza kugawa watu mafungu hivyo, kwa hivyo waliangalia maajenti walivyoongezeka karibu na nyumba za watu, hapa wengi pale wachache, wakafuata maisha yanavyokwenda.

Haya, jedwali lenyewe. Utaona namba, chini yake namba nyengine kwenye mabano, na vinyota. Tuseme (huu mfano wangu tu) pameandikwa 1,200 na chini yake (500). Ile ya juu ni shilingi ambazo kipato cha waliosaidiwa kiliongezeka kuliko cha wengine, ya mabano ni jinsi hio hesabu inavyoyumba. Gawanya ya juu kwa ya chini: 2.4. Ikipita mbili hivi, si rahisi kuwa bahati tu, na mara nyingi ndipo huwekwa nyota mbili. Ingekuwa (900) ungepata 1.3, hapo hata mwandishi akisifu vipi, mwambie ngoja kwanza. Nyota lakini hazikwambii kama jambo ni kubwa. Shilingi kumi zaweza kuwa na nyota tatu.

Chunga pia asilimia na pointi za asilimia, hapa hata magazeti huteleza: kutoka 50% hadi 40% ni kushuka pointi 10, lakini ni kupungua kwa asilimia 20. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima vyandarua kwa wajawazito kwenye kliniki za magharibi mwa Kenya, wakakuta bei ikitoka bure ikawa dola 0.60, wanaochukua wanashuka pointi 60. Yani katika kila kina mama mia, sitini ambao wangechukua cha bure hawachukui. Na waliolipa hawakuonekana kukitumia zaidi ya waliopewa bure.

Halafu jiulize data ilipatikanaje, na hapa niachie niseme manake nimekanyaga huo mchanga. Kuna mama wa mahamri na mbaazi nilimhoji asubuhi, karai liko motoni, nikamsomea swali kama lilivyo: "Mama, mwezi uliopita biashara ilikuingizia shilingi ngapi?" Akageuza hamri, akanitazama. "Ati mwezi? Mwanangu, mimi siishi kwa mwezi, naishi kwa sinia. Sinia likiisha nafunga." Tableti inataka namba. Tukakaa tukahesabu sinia kwa siku, siku kwa wiki, toa unga, toa mafuta, toa makaa, na jirani yake akadhani sisi watu wa kaunti wa kutoza kodi akasema yeye hauzi kitu, na mbele yake kuna ndoo ya viazi karai. Kwa hivyo ukiona "kipato" kwenye pepa, tafuta dodoso kwenye viambatisho uone swali liliulizwaje. Waliouliza matumizi, yani ulinunua nini wiki hii, mimi nawaamini zaidi.

Mwisho uliza kama yafika Mombasa. Kule Siaya, magharibi mwa Kenya, GiveDirectly, shirika la kugawia watu masikini pesa mkononi, waligawa kama dola 1,000 kwa familia kwenye eneo la vijiji 653, na watafiti wakakuta kila dola iliongeza uchumi wa pale kama dola 2.5, bei zikapanda 0.1% tu. Nzuri sana. Lakini kule mtu ana nyumba yake na shamba, huku Kisauni tunapanga, na sina uhakika landlodi angekaa kimya akisikia wapangaji wote wameingiziwa hela siku moja.

Ukikwama, mwandikie mwandishi, imeili huwa chini ya ukurasa wa kwanza. Nimewaandikia watatu, wawili wamejibu. Swali moja tu, taja jedwali namba ngapi na safu ipi, mistari minne inatosha, na usimtumie Ijumaa jioni, ikifika Jumatatu imezikwa.