Kabla hujauza laptopu yenye SSD, angalia haya kwanza

Watu wengi bado wanafuta SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, kama wanavyofuta zile diski za zamani za kuzunguka, wanaondoa faili, wanashusha programu ya kujaza masifuri kwenye nafasi tupu, mashine inalala inafanya kazi usiku kucha halafu asubuhi wanamkabidhi mnunuzi roho ikiwa kwatu. Hili linaniuma, maana humo ndani mna picha za kitambulisho, mikataba, na paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza.

Shida iko hivi. SSD haiandiki juu ya data ya zamani palepale, kontrola yake, ile chipu inayoiongoza, inapeleka data mpya kwenye seli nyingine ili chipu zisichakae upande mmoja, ile ya zamani inabaki pale mpaka bloku zima, yaani kundi zima la seli, lifutwe, na tena kuna nafasi ya akiba ambayo Windows haiioni kabisa, kwa hiyo hata ujaze diski mpaka pomoni huko hufiki. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walipima njia za kufuta faili moja moja zilizozoeleka kwenye diski za kuzunguka, kwenye SSD zote zikafeli. Unachopata ni kuichosha diski bure.

Basi anza na nakala, na uifungue kabisa kwenye kompyuta nyingine uone picha zinafunguka. Usiseme fundi atanirudishia, kuna amri inaitwa TRIM, inayoijulisha diski vipande gani havina kazi tena, na ikishasafisha ndio basi. Kuiangalia kwenye Windows fungua Command Prompt kwa ruhusa ya admini, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ukiona 0 inafanya kazi. Ila usiihesabu kuwa ndio ufutaji wenyewe, diski inajiamulia lini isafishe, na SSD ikiwa kwenye keisi ya USB mara nyingine amri haipiti.

Kama laptopu bado mpya, washa BitLocker, ile ya Windows inayofunga data isisomeke bila ufunguo, leo kabla hujaweka kitu chochote cha maana, kwa sababu ukichelewa mabaki ya kabla yake yanaweza kuwa bado yamo kwenye zile seli za akiba.

Siku ya kuuza sasa, tumia amri ya diski yenyewe, Secure Erase kwa SSD za SATA na Sanitize kwa za NVMe (hizo ni aina mbili za SSD kwa jinsi zinavyoungwa na kompyuta), utaikuta kwenye programu ya kampuni iliyotengeneza diski au kwenye BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ya baadhi ya laptopu. Chomoa diski nyingine zote usije ukafuta isiyo yenyewe, chomeka chaja na betri iwe imejaa, umeme wetu unaujua. SSD iliyokufa haipokei amri yoyote, hiyo usimpe mtu wa vyuma chakavu nzima nzima, ifungue uvunje kila chipu nyeusi ya kumbukumbu, kuipinda bodi tu haitoshi.