Namna ya Kuhesabu Hasara ya Dimbwi, Kuanzia Mayai ya Chura

Ukiandika kuhusu ukatili wa maumbile bila namba, utaishia kulalamika tu. Tafuta dimbwi lenye mayai mapya ya chura, yale yaliyojipanga kama shanga ndani ya uzi wa ute. Chukua daftari, rula, chujio la chai na beseni jeupe.

1. Kadiria mayai. Usiuvute uzi, utakatika. Weka rula kando yake majini, hesabu mayai ya sentimita 10, kisha kadiria urefu wote. Mara nyingi nyuzi huwa mbili, kwa hiyo pima zote. Ukipata maelfu, hujakosea.

2. Kesho yake rudia kipande kile kile. Yai hai ni jeusi. Lililokufa hupauka, likaota manyoya ya ukungu.

3. Yakishaanguliwa, chota kwa chujio sehemu 10 tofauti, kila baada ya siku tatu, saa ile ile. Wengi huvurunda hapa: jua likipasha maji, viluwiluwi hujazana kingoni, lakini kwenye baridi ya asubuhi utadhani wamekwisha. Wamimine kwenye beseni lenye maji ya dimbwi lenyewe. Klorini ya maji ya bomba huwaua, nawe utakuwa unahesabu vifo ulivyosababisha mwenyewe.

4. Watafute wauaji. Lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini, hutulia topeni kama jani bovu. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa. Kiluwiluwi akipita, unafyatuka na kumnasa, naye huliwa mkia ukiwa bado unapiga. Lava wa mbawakawa wa majini hutisha zaidi. Taya zake zina uwazi ndani kama sindano: humdunga, humwingizia majimaji ya kumeng'enya nyama, kisha humfyonza. Kinachobaki ni kingozi kilicholegea. Kila kingozi kipe mstari wake daftarini.

5. Usimwokoe yeyote. Kuwahamishia dimbwi jingine kunaweza kusambaza kuvu wa kitridi, aliyekwisha kuangamiza vyura katika nchi nyingi. Isitoshe, lava naye ana njaa.

6. Sasa andika. Idadi ya vyura isipopanda wala kushuka, jike huacha wastani wa watoto wawili tu wanaofikia kuzaa, kwa mayai yote ya maisha yake. Iweke hiyo mbili kando ya namba ya hatua ya kwanza, bila kivumishi chochote. Dimbwi likikauka kabla miguu haijaota, andika tarehe na sifuri.